Jumanne ya kliniki, na mama yuko leba

Saa 12 asubuhi. Zahanati yetu iko Kilolo, Iringa, huku juu ambako mwezi wa saba ukungu hauna haraka ya kuondoka. Naanza na friji ya chanjo: nyuzi 5. Ikitoka nje ya 2 hadi 8 kuna maelezo marefu ya kuandika, na muda huo sina.

Saa 1. Mganga mfawidhi kaitwa mafunzoni wilayani. Tumebaki mimi mkunga, mhudumu wa afya mmoja na binti anayejitolea. Binti ana diploma ya uuguzi na ukunga, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ila hana ajira. Ikama, yaani idadi ya watumishi tunaotakiwa kuwa nao, inataka watu zaidi yetu. Ikama ni karatasi.

Saa 2. Benchi limejaa watoto wa kliniki, wengine wamekaa na mama zao kwenye majani. Bibi mmoja anaingia kamshika mkwewe mkono.

"Kamwene, daktari. Huyu kaanza tangu usiku."

Huku kila mwenye nguo nyeupe ni daktari, nilishaacha kusahihisha. Napima njia: imefunguka sentimita 6, uzazi wa kwanza.

Kuanzia hapo siku inakatwakatwa vipande vya nusu saa, maana mapigo ya moyo wa mtoto lazima yasikilizwe kila nusu saa na kuwekwa nukta kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Nadunga chanjo ya penta, nanawa, nasikiliza: 138. Narudi kwenye mizani, mama mmoja kasahau kadi, mwingine analalamika karukwa foleni, nanawa, nasikiliza: 142. Watu wakisikia uhaba wa wakunga wanadhani mjamzito anakosa mtu kabisa. Mara nyingi mtu yupo, ila anampata nusunusu. Aliyekuja na uchungu wa kwanza anahitaji mtu wa kukaa naye, kumsugua mgongo, kumwambia bado kidogo. Kazi hiyo leo kaifanya mama mkwe.

Saa 8. Mtoto wa kike, kilo 3. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, nimeshadunga, kondo limetoka, lakini damu inaendelea. Napapasa tumbo: mfuko wa uzazi umelegea kama unga uliozidi maji. Nasugua. Mkono mmoja hauwezi kuacha kusugua, mwingine unatafuta mshipa wa dripu, sasa nani apige 115 kuita m-mama, usafiri wa dharura wa wazazi? Binti alikuwa na simu sikioni kabla sijamaliza kumwita.

Gari la m-mama lilipofika mfuko ulikuwa umekaza. Nikamwandikia rufaa hivyohivyo. Binti akapanda naye, kwani nikipanda mimi, hapa anabaki nani? Nje bado kulikuwa na watoto hawajachanjwa.

Saa 1 jioni. Kitabu cha MTUHA namba 12, rejista ya wanaojifungua, safu kwa safu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta vifo vya uzazi 104 kwa vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuta 556. Huwa nafurahi takwimu hizi zikisomwa kikaoni. Ningependa tu mtu aulize vifo hivyo vinashushwa na wangapi, na wangapi kati yao wanalipwa. Waliosomea kazi hii wapo, vyuo vinawatoa kila mwaka. Kinachosubiriwa ni kibali cha ajira.

Saa 3 usiku. Binti karudi, nauli ya boda katoa mfukoni mwake. Mama anaendelea vizuri. Halafu akaniambia: Jumatatu anaanza kazi kwenye duka la dawa muhimu, Ilula.

Sikumbembeleza. Ningembembeleza kwa lipi? Nilimuuliza tu kama wanalipa kila mwezi.

"Kila wiki, dada."