Wote mnasema hivyo

Usingizi umegoma, acha niandike. Wiki ilikuwa na mambo kibao, mama katolewa mtoto wa jicho na sa hivi anatunga uzi mwenyewe, harusi ya Pangani imepita salama, sare za madrasa nimeshakabidhi zote, lakini kichwani hamna hata kimoja kati ya hivyo, kuna maneno ya mwalimu wa mtoto wetu, Bwana Mdogo, tu.

Aliniita nikapitia shuleni kabla sijaenda Ngamiani, hapa Tanga, kufungua kazini. Tukasimama mlangoni, kanipa daftari. Mstari wa kwanza mwandiko mzuri, wa pili herufi zinapanda na kushuka, wa tatu kaandika "samak" kaachia hapo, chini yake kachora ngalawa na tanga lake. Mwalimu akasema hatulii, ukimwagiza vitu viwili anafanya kimoja, hesabu ikimshinda anatupa penseli, muda mwingi anaangalia dirishani. Afu akashusha sauti, "Dada, tusidanganyane, huyu ndivyo alivyoumbwa."

Nikamwambia, "Hapana mwalimu, hakuwa hivi. Ana miaka 3 alikuwa anaisoma Alhamdu yote, na ngalawa zikiingia anazitaja kwa majina zingali mbali."

Akatabasamu, wala si kwa ubaya, akasema, "Wote mnasema hivyo."

Wote mnasema hivyo. Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia napiga pasi, nimeisikia usiku huu feni ikizunguka. Sikumjibu kwa sababu kengele iligonga na watoto wakatumwagikia, ila jibu ninalo tangu siku ile: mwalimu, kama wote tunasema hivyo, basi mbona hamna anayeuliza hapo katikati kimetokea nini? Mama zao wote waongo? Na wengi wa hao watoto ni wa pwani hii hii yetu, uani kwao kuna jiko la mkaa na sufuria kuukuu kama letu.

Mnaonifuata mnajua kaka anavua, na mnajua chubwi zake, vile vizito vya kuzamishia mshipi na nyavu, anazitengeneza mwenyewe. Betri ya gari iliyokufa inapasuliwa kwa nyundo, zile sahani za kijivu zinatolewa, zinayeyushwa pale uani, ukoko wa juu unakwanguliwa na kijiko unatupwa hapo hapo chini, kinachobaki kinamiminwa kwenye vitundu vya mchanga. Zikipoa Bwana Mdogo anazichezea kama gololi, na vile vidogo vya mshipi amefundishwa kuvibana kwa meno. Ile ni risasi tupu, si ya bunduki, ni yale madini yenye sumu. Mtoto akimeza kiasi kile kile alichomeza mtu mzima, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 zaidi, afu inakwenda kwenye ubongo unaokua na kujihifadhi kwenye mifupa na meno. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Hakuna.

Ile habari ya Owino Uhuru pale Mombasa niliwaandikia, yule mama Phyllis Omido aliyeajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, mwanawe akaugua, kumbe ni risasi, akasimama na mtaa mzima mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mombasa hapo, si mbali. Ila juzi ndo nimesoma kilichonimaliza kabisa. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, Herbert Needleman, alichapisha utafiti wa meno ya utoto. Alikusanya meno yaliyong'oka ya watoto wa darasa la kwanza na la pili huko Chelsea na Somerville, miji ya jirani na Boston, akapima risasi iliyomo, na walimu wao bila kujua nani ana nyingi nani ana kidogo wakajaza karatasi za tabia. Wenye risasi nyingi ndo wale wale walioandikwa hawatulii, hawamalizi walichoanza, wanaota mchana, maelekezo hawayashiki. Na si watoto waliokuwa wanaonekana wagonjwa. Nikaona kama nasoma maneno ya mwalimu wetu mlangoni pale.

Sisemi Bwana Mdogo anayo. Hajapimwa, hospitali tuliyompeleka wamesema kipimo hicho hawana. Nasema tusimwambie mtoto kaumbwa hivyo, wala tusimchape, wakati hatujaangalia hata anachokanyaga.

Kaka nilipomwambia alikuja juu, "Miye nayeyusha tangu sijabalehe, mbona sijafa?" Nikamwambia kaka, sijasema kufa. Akanyamaza, akatoka, sahani ya wali akaiacha. Nikajua ndo basi, tumenuniana.

Jana jioni Bwana Mdogo kanijia mbio, mdomo una damu, anacheka, jino la mbele limetoka! Nikalishika kiganjani, dogo kama punje ya mchele, kalichukua kalirusha juu ya bati huku anaimba. Kugeuka namuona kaka anabeba lile sufuria kuukuu na betri zote mbili kwenye gunia. Hakusema kitu. Leo asubuhi namkuta barazani anafunga nati na plagi kuukuu kwenye nyavu zake, namwambia "kaka, zinafaa?" ananijibu, "Zitazama, zina ujanja gani." Wallahi nimefurahi mpaka nimemkaangia mayai.

Udongo wa uani bado ni ule ule, najua. Nimeshaongea na fundi amwage zege pale palipokuwa na jiko, na ndani hatufagii tena kukavu, ni tambara la maji, mikono kabla ya kula kila mtu, na dagaa na mchicha kila siku kwa sababu mtoto mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha mwilini anafyonza risasi kidogo. Jumatatu narudi kwa mwalimu na hiyo habari ya meno, nimeiandika yote kwa Kiswahili, atakaa tu anisikilize.

Ila hela ya zege iko kwenye kikoba, na mhazini tangu Alhamisi simu haipatikani, na leo mwanawe kaniambia mama kasafiri, nimemuuliza wapi kaangalia pembeni.