Malaika ya nani ndo Malaika?

Mi nasema hivi, na nimeshasema mbele ya shemeji zangu wote: kava ya wimbo wa Malaika, yaani mtu akiurudia kwa sauti yake, inakubali pale tu mwimbaji anapokufanya uamini kwamba mfukoni hana kitu. Sauti nzuri haitoshi, kila mtu aliyeurekodi huo wimbo ana sauti nzuri. Swali ni je, namwamini huyu mtu akisema mali sina?

Ubishi huu kwetu hauishi. Juzi umeibuka tena kwenye kikao cha harusi, tumefika kwenye nyimbo, mtu akapendekeza bi harusi aingie ukumbini na Malaika, watu wakapiga makofi, halafu ikawa sasa Malaika ya nani? Shemeji akataka ya Boney M, lile kundi la disko, kwa sababu inachezeka, mama mdogo hataki kusikia jina jingine zaidi ya Miriam Makeba wa Afrika Kusini, na mume wa shangazi, ambaye ni Mtaita wa Voi, akasema Fadhili William, Mkenya na Mtaita mwenzake, ndo mwanzo na mwisho na hao wengine wote wanaazima tu. Kikao kikasimama kabisa, mambo ya chakula hayajajadiliwa, watu wanarushiana nyimbo kwenye simu. Nikawauliza jamani, huyu kijana kwenye wimbo si kashindwa kuoa? Mnamwingizaje bi harusi na wimbo wa mtu aliyekosa mahari? Hapo ndo kelele zikazidi.

Kwangu mimi hapo ndo penye kiini. Huu si wimbo wa mapenzi yaliyofanikiwa. Kijana anapenda, anapendwa au hapendwi hatujui, ila pesa hana na bila pesa haoi, ni hilo tu, analizungukia mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu akiniletea kava ambayo ukiisikiliza unaona mtu mwenye furaha, hata apange vyombo vizuri vipi, mi naona hajauelewa wimbo.

Tuanze na Fadhili. Ile rekodi yake ya Nairobi ya mwanzoni mwa miaka ya sitini ukiisikiliza leo unaweza kudhani ni ya kawaida tu. Gitaa linaenda taratibu, sauti yake haina makeke, hajikazi hata kidogo. Sasa sikiliza anapofika kwenye kushindwa na mali, ile "sina weee", anaivuta lakini haongezi nguvu, ni kama mtu anayesema jambo ambalo ameshalisema kwao, kwa rafiki zake, kwa msichana mwenyewe, na halijabadilika. Kijana wa mjini, mshahara mdogo, kwao wanasubiri, kwa kina msichana wanasubiri. Sijawahi kusikia mtu mwingine akiifanya hiyo sehemu kwa unyonge ule, na ndo maana nampa mume wa shangazi haki yake, ingawa yeye anabishana kwa sababu ya Utaita zaidi kuliko masikio.

Lakini simkubalii kwamba wengine wote wanaazima. Makeba kaifanyia kazi kubwa huu wimbo. Kwenye ile albamu aliyotoa na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte mwaka 1965, ile iliyowapa tuzo ya Grammy, Malaika imo, na tangu hapo kaiimba majukwaani miaka na miaka mpaka watu wengi nje ya Afrika Mashariki wakaamini ni wimbo wa Sauzi. Hilo linawauma Wakenya na Watanzania na naelewa kwa nini linauma. Ila kumuumiza mtu ni jambo moja na kuharibu wimbo ni jambo jingine, na Makeba hakuuharibu. Kiswahili si lugha yake lakini maneno anayatamka kwa heshima, taratibu, kila silabi imekaa mahali pake. Na mtu aliyefungiwa na serikali ya makaburu kurudi kwao, aliyeshindwa hata kwenda kumzika mama yake, akiimba kuhusu kitu anachokipenda na hakifikii, mi sihitaji kuambiwa nimwamini. Namwamini.

Kuna wanaosema mwanamke anaimbaje "ningekuoa". Shemeji mmoja alilishikilia hili kama wakili. Mi naona hoja hii haina uzito wowote, kwa sababu taarabu na dansi vimejaa watu wanaoimba kwa mdomo wa mtu mwingine na hakuna anayelalamika. Mwimbaji anabeba maneno ya kijana, anatusimulia. Tena kwa mwanamke kuna kitu kinaongezeka, unaanza kumfikiria na yule malaika mwenyewe, kwamba labda naye anajua, labda naye analia kimyakimya huku kwao wanahesabu ng'ombe.

Sasa Boney M. Najua nitagombana na watu. Wametoa yao 1981, imepangwa vizuri, sauti zimeungana safi, mzee wangu mwenyewe alikuwa anaipenda. Ila biti imewasaliti. Wimbo huu unahitaji nafasi, ukishaimba kwamba huna mali lazima kuwe na kaukimya kidogo ili hilo neno litue kwa msikilizaji, na wao ngoma inakusukuma uende mbele, hujamaliza kuhuzunika umeshaanza kutikisa bega. Shemeji anasema huo ndo uzuri wake, watu wanainuka. Sawa, wanainuka, lakini wanainukia nini? Nimejaribu kuisikiliza kwa moyo mweupe kabisa, naipenda kama muziki wa disko, kama Malaika hapana.

Angélique Kidjo ndo anayenigawa. Yake iko kwenye albamu ya Logozo ya 1991 na wapo wanaoniambia kazidisha, anapandisha sana sauti, anapamba mno, kijana maskini haimbi hivyo. Kwa muda mrefu hoja hii ilinishika. Lakini sikiliza vizuri, yule dada wa Benin hajaribu kuwa yule kijana wa Nairobi kabisa. Fadhili anaimba kabla ya kumpoteza msichana, bado kuna katumaini kadogo kamebaki, Kidjo anaimba kama vile harusi ya msichana imeshapita na kaolewa na mwingine mwenye nazo. Ni kilio. Ukiipokea hivyo, kule kupanda kwa sauti kunakuwa na sababu, na pesa bado ndo iliyoleta msiba. Kwa hiyo imekubali, kwa njia yake. Mama mdogo hajanielewa hapa na sidhani kama atanielewa.

Wapo na wengine wengi, hata Waswidi wa Hep Stars waliirekodi 1967, na mmoja wao ni yule Benny Andersson aliyekuja kuwa wa kundi la ABBA. Bendi za hotelini pwani ndo usiseme, kila jioni ipo, na mara nyingi ni nusu yake tu, watalii wanapigiwa kiitikio, basi, wanahamia wimbo mwingine.

Ule ubishi wa nani aliitunga siuingii leo, maana huku Bongo wapo wanaomtaja Adam Salim, kwamba aliitunga miaka ya arobaini, na Kenya wanakuambia Fadhili, na Fadhili kafariki 2001 ubishi ukiwa palepale. Ila kwa swali la kava haubadilishi kitu. Aliyeitunga, awe nani, alikuwa anajua njaa ya kukosa mahari.

Kinachonisumbua sana kwenye kava za siku hizi, hizi za vijana wenye gitaa moja na simu mbele yao, ni kwamba wengi wanakata ubeti wa pesa kusumbua roho. Wanaimba malaika nakupenda, wanaruka, wanarudi kwenye malaika nakupenda. Sasa umebaki na nini hapo? Kijana anayempenda msichana, hao wako wengi, kila wimbo unao. Mnaopanga kuirekodi naomba ule ubeti muuache wote, biti msiikimbize, na mkifika kwenye "sina" msiwe na haraka ya kuondoka hapo.