Jicho si lilishatolewa, kliniki ya nini tena?

Mjomba wangu wa Newala kaulizwa hili swali mpaka kalichoka. Ye alitolewa jicho kitambo, ilikuwa melanoma ya jicho, kansa inayoanzia ndani ya jicho lenyewe (sio mtoto wa jicho jamani, watu wanachanganya sana), akawekewa la bandia ambalo usipoambiwa hujui. Saivi analima, mnada wa korosho haumpiti, kwaiyo kila akifunga begi kwenda Dar majirani wanasema mzee anachezea hela.

Sasa iko hivi. Ndani ya jicho hakuna mishipa ya limfu (ile ya majimaji ya mwili, kansa nyingi hupitia humo), kwaiyo hii kansa ikitoka inapita kwenye damu, na sijui ina mapenzi gani na ini, maana kwa ambao imeshasambaa, kama 9 kati ya 10 wanakutwa nayo huko. Na inasambaa kwa karibu nusu ya wagonjwa, sio wachache. Tena mbegu zake zinaweza kuwa zilishatoka hata kabla jicho halijaguswa, zikalala miaka 5, 10, wengine hadi 20 na zaidi, ndo zinaamka. Marekani walishalinganisha waliotolewa jicho na waliotibiwa kwa kidude cha mionzi bila kutolewa jicho, kwa uvimbe wa saizi ya kati, na vifo havikutofautiana, kwaiyo kutoa jicho sio kufunga kesi.

Ini nalo halisemi mapema, likija kuuma mambo yameshaharibika, ndo maana anapigwa utrasaundi mara kwa mara akiwa mzima kabisa, kitu kikionekana kingali kidogo angalau daktari ana pa kuanzia. Na lile jicho lililobaki wanalicheki pia, presha ya macho ikiingia hana spea.

Ni kweli ugonjwa huu ni wa wazungu zaidi, sisi weusi tunaopata ni wachache mno, ila mi naona hapo ndo pabaya zaidi, maana ukieleza huku kwetu wengi hawajawahi hata kuusikia. Mjomba majibu yake ya zamani anayo kwenye bahasha ya nailoni, hata akienda kupima malaria anaitoa.

Kliniki ya safari hii imeangukia katikati ya msimu, anataka aisogeze mpaka auze. Nimemwambia korosho ntapeleka mi chama cha msingi na risiti ntamtunzia, ye aende. Tiketi ya basi nshakata, ananuna tu.