Sijapasuliwa, na Natibiwa

Tangu niumie goti, salamu za mtaani kwetu hapa Tanga zimebadilika. Zamani nilikuwa naulizwa nimeamkaje. Siku hizi naulizwa, "Mwalimu, umeshapasuliwa?" Nikijibu bado, mtu ananionea huruma, anadhani nimekosa pesa au nimeikimbia hospitali. Nikiongeza kwamba natibiwa kwa mazoezi, huruma ndiyo inazidi. Basi leo naeleza yote, atakayeniuliza tena nimtumie.

Niliumia kwenye netiboli, mechi ya walimu kwa walimu, wala haikuwa ya mashindano. Niliruka, nikaudaka mpira hewani, nikatua kwa mguu wa kulia huku kiwiliwili kimeshageuka kumtafuta mfungaji. Aliyecheza netiboli anajua: ukishadaka huruhusiwi kutembea na mpira, kwa hiyo kasi yote uliyokuja nayo inabidi iishie pale pale mguu ulipotua. Hakuna aliyenigusa. Kitu kililia ndani ya goti, na mlinzi aliyekuwa ananikaba akaapa kwamba naye kakisikia. Magharibi ilipoingia goti lilikuwa limejaa hata pia yake haionekani.

Kituo cha kwanza walinipiga eksirei, wakasema mfupa mzima, wakanipa dawa za maumivu, nikarudi nyumbani. Mfupa ulikuwa mzima kweli. Ila eksirei haionyeshi ligamenti, zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa, na hilo hakuna aliyenitajia. Mama mkwe akaagiza mchuaji, bibi mmoja anayesifika mjini kwa mikono yake. Bibi alikuja na mafuta yake, akaligusa goti, akalibonyeza pembeni, kisha akafunika chupa. "Mwanangu, hili si la kuchua. Limejaa upesi mno, humu mna damu. Rudi hospitali." Hakuchukua hata nauli. Wanaowacheka wachuaji wangekuwepo siku ile.

Daktari wa mifupa niliyekwenda kumwona baadaye hakuanza na mashine. Alinilaza, akakunja goti kidogo, mkono mmoja kwenye paja, mwingine kwenye ugoko, akauvuta ugoko mbele. Ukaja. Akafanya vivyo hivyo mguu wa kushoto, ukagoma. Kipimo cha MRI, ambacho nilikifuata Dar es Salaam nikiwa nimenyoosha mguu kwenye njia ya katikati ya basi na kuombwa radhi na kila anayenivuka mpaka Segera na kuendelea, kilithibitisha tu yale ambayo mikono ilishasema. Ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo wachambuzi wa mpira huiita ACL, ilikuwa imekatika. Gegedu, yale mato laini yaliyo kati ya mifupa ya goti, zilikuwa salama, na hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yangu.

Hiyo ligamenti imekaa katikati ya goti, inafunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi, kazi yake kuuzuia muundi usiteleze mbele na usizunguke kupita kiasi. Ikikatika, kwa kawaida haijiungi vizuri yenyewe, maana imezungukwa na majimaji ya goti, na damu haipati nafasi ya kuganda kati ya ncha mbili. Watu wengi wanadhani ukipasuliwa inashonwa. Mara nyingi haishonwi. Daktari anachukua kano nyingine mwilini mwako, ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti, anatoboa mifupa na kuipitisha mahali pa ile ya zamani. Kisha unaanza mazoezi, na uwanjani huwezi kurudi kabla ya miezi tisa hivi, wengine mwaka. Kisu hakimwondolei mtu mazoezi. Hilo ndilo ninalotaka majirani zangu walisikie.

Daktari alinipa njia mbili. Alinisimulia utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2010: vijana waliokatika ligamenti hiyo waligawanywa, kundi moja likapasuliwa mapema, jingine likaanza na mazoezi na kupasuliwa baadaye iwapo tu goti linasumbua. Baada ya miaka miwili, katika watu 59 wa kundi la pili, 23 walikuwa wamepasuliwa. Waliobaki walikuwa wanaishi na magoti yao, na kwa hali ya goti makundi mawili hayakutofautiana kwa maana. Baadaye idadi ya waliopasuliwa iliongezeka mpaka kama nusu. Kwa hiyo si muujiza, na mwanasoka anayekula kwa miguu yake hesabu zake ni nyingine. Shemeji yangu, Liverpool damu, kila akija ananikumbusha beki Virgil van Dijk: aliumia ligamenti hiyo hiyo Oktoba 2020, akapasuliwa, msimu uliofuata yumo uwanjani. Namwambia shemeji, Van Dijk hafundishi hesabu darasa la sita.

Nikachagua mazoezi. Zoezi la kwanza lilikuwa la aibu. Unakaa kwenye mkeka, umenyoosha mguu, chini ya goti umeweka khanga iliyokunjwa, unaambiwa ikandamize. Basi. Naliamuru paja likaze, paja linanitazama tu. Mtaalamu wa mazoezi tiba akanieleza kwamba goti likijaa, ubongo unaizimia nguvu misuli ya mbele ya paja, hata kama yenyewe haikuumia. Akachukua utepe wa fundi cherehani, akapima mapaja yote mawili shibiri moja juu ya goti. La kulia lilishapungua kwa kiasi ambacho hata sketi ilikuwa imeanza kunisaliti. Siku lilipokaza, kidogo, kama ngozi inayosisimka, niliita nyumba nzima waje kuona.

Kunyoosha mguu mpaka mwisho kulinitesa kuliko kuukunja. Lakini kukunja ndiko kulikonigusa utu. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mume wangu alikata tundu kwenye kiti cha plastiki na kulipiga msasa kingo zake usiku kucha, kazi ambayo sijui nitamlipa nini. Swala niliswali juu ya kiti. Mgonjwa ana ruhusa, nalijua hilo tangu madrasa, lakini kuwaona wenzangu wanasujudu nami nimeinama tu hewani kulinikaa moyoni. Siku hizi nasujudu. Kikao cha tahiyatu bado kinanivuta, nakaa kwa upande.

Sasa nachuchumaa na mzigo, napanda na kushuka ngazi za shule nimebeba madaftari, nakimbia moja kwa moja bila kuchechemea. Kinachobaki ni kugeuka ghafla. Mguu una nguvu, mimi ndiye sijauamini. Kwenye sakafu yenye maji natembea kama bi harusi. Mtaalamu anataka mguu wa kulia ufike angalau asilimia tisini ya wa kushoto katika kuruka kwa mguu mmoja na katika nguvu za paja, ndipo tuzungumze habari za kugeuka na mpira mkononi. Kuhusu netiboli yenyewe hakunificha: mchezo huu ndio hasa unaoidai ligamenti ambayo sina. Goti likianza kunichomoka, hata mara moja moja, nitapasuliwa, maana kila linapochomoka linaweza kuzisaga gegedu, na gegedu ndizo ninazozilinda. Lisipochomoka, nitabaki hivi hivi. Timu imeshanipa filimbi niwe refa wa mazoezi, na tayari wanalalamika kwamba nawaonea walinzi.