Babu wa mume wangu na alama ya X

Jamani, leo nimeshinda na makaratasi mpaka chai imepoa mezani. Mume wangu ni mzaliwa wa Lancaster, Pennsylvania, kule Marekani, na mama mkwe alituachia sanduku zima la karatasi za ukoo. Nikasema ngoja nimtafute huyo Mjerumani wao wa kwanza, mkulima kutoka Pfalz, eneo la kusini-magharibi mwa Ujerumani.

Kumbe kuanzia 1727, wanaume wa Kijerumani wa miaka 16 na zaidi waliposhuka bandari ya Philadelphia walitakiwa kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza, maana Pennsylvania enzi hizo ilikuwa koloni lake. Majina yao yapo hadi leo! Tabu ni makarani, waliandika walivyosikia. Müller anakuwa Miller. Zimmermann baadaye anageuka Carpenter, yaani jina limetafsiriwa zima zima, seremala kabaki seremala. Wa kwetu nimemkuta meli moja, orodha tatu, tahajia tatu! Na kwenye kiapo hakusaini. Kuna alama ya X, karani kamwandikia jina pembeni.

Hiyo X ilinikalisha kimya. Bibi yangu kule Kigoma naye alikuwa anatia dole gumba tu.

Wengine walikuja bila nauli, wakatumikishwa miaka kadhaa mpaka deni liishe. Wetu sijui, hati ya shamba bado naitafuta. Mume kila saa, "Mama watoto, umempata babu?" Nikamwambia njoo usome mwenyewe hizi herufi za Kijerumani cha kale. Katorokea nje kukata majani.