Kufuta alama ya biashara iliyolala kwenye rejista ya Kenya

Umeomba kusajili jina la bidhaa yako, KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara Kenya, wakakujibu kwamba lipo jina linalofanana nalo, lilisajiliwa zamani kwa bidhaa za aina hiyohiyo. Ukizunguka madukani, bidhaa yenyewe huioni. Wengi hapo hubadilisha jina. Kabla hujafanya hivyo, soma kifungu cha 29 cha Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506.

Kifungu hicho kinaruhusu alama ifutwe ikiwa haikutumika kwa nia njema, yaani kwa biashara ya kweli, miaka 5 mfululizo, na hesabu inaishia mwezi mmoja kabla ya siku ya kuwasilisha ombi. (Tanzania Bara ni miaka 3, kwa hiyo usinakili karatasi za jirani.) Mwezi huo umewekwa makusudi: mwenye alama akipata fununu, asikimbilie kubandika lebo kwenye katoni chache na kudai yuko sokoni. Lakini mwezi huohuo humponza mwombaji. Ukimtumia barua ya wakili kisha ukangoja majibu miezi mitatu, naye katikati akaanza kuuza kweli, miaka 5 yako imekatika. Andaa jalada lote kwanza. Barua, kama ni lazima, itoke siku unayowasilisha ombi.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji, na maombi mengi hufia hapo. Hati ya kiapo inayosema tu “nilitafuta Nairobi sikuiona” haina uzito. Tafuta viapo vya wauzaji wa jumla wa bidhaa hizo katika miji kadhaa, na vya wanaonunulia maduka makubwa. Kama bidhaa inahitaji kibali, mfano dawa, angalia kama kibali kipo. Angalia pia kama kampuni inayomiliki alama bado hai.

Ulaya mzigo umegeuzwa, mwenye alama ndiye anayejieleza. Supermac's, kampuni ya migahawa ya Ireland, ilipoomba alama ya “Big Mac” ya McDonald's ifutwe, wenyewe walileta viapo vya watu wao, vipeperushi, kurasa za tovuti, hata ukurasa wa Wikipedia. Mwaka 2019 ofisi ya alama ya Umoja wa Ulaya ikaifuta, kwa kuwa hakuna kilichoonyesha mauzo yenyewe. Rufaa ziliirudisha kwa sehemu. Juni 2024 mahakama ikaibakiza kwa sandwichi za nyama ya ng'ombe lakini si za kuku. Ankara zingewaokoa mapema.

Mwenye alama wa Kenya naye ana pa kushika: hali maalumu ya biashara, tuseme marufuku ya kuingiza bidhaa, au kwamba aliitumia alama kwenye bidhaa nyingine za aina ileile.

Pia lazima uwe umeathirika, yaani mshindani au mtu aliyezuiwa na alama hiyo. Hasira ya umma haitoshi: saini zaidi ya 100,000 zilizokusanywa mtandaoni dhidi ya “Hakuna Matata” ya Disney huko Marekani hazikuwa ombi la kisheria la kuifuta.

Kama kosa liko kwenye usajili wenyewe, mfano msambazaji amejisajilia jina la kiwanda kinachomletea mzigo, kifungu ni cha 35. Huko saa inakimbia. Miaka 7 ikipita tangu usajili, kifungu cha 32 kinaihesabu alama kuwa halali, isipokuwa ilipatikana kwa ulaghai au ni ya aina inayokatazwa na kifungu cha 14, kama ya kupotosha watu. Basi tazama tarehe ya usajili kabla ya kuchagua hoja. Kutotumika hakuna ukomo huo. Alama ya miaka 30 inaweza kufutwa.

Ombi huenda kwa Msajili wa Alama za Biashara au Mahakama Kuu, kwa hiari yako. Ila kama tayari kuna kesi kuhusu alama hiyo, mahakamani ni lazima. Msajili akikunyima, rufaa ni Mahakama Kuu. Na kama mmiliki anauza sabuni tu ilhali amesajili sabuni na manukato, omba alama ifutwe kwa manukato peke yake.