Bundi Aliyenilipia Karo

Nyanya yangu hakuwa na mchezo na bundi. Akimsikia juu ya makuti, alichomoa kijinga cha moto jikoni, akatoka nje akamrushia, na matusi juu. Kwetu, karibu na Gede, pwani ya Kenya, bundi huleta habari za msiba. Sikuwahi kulitilia shaka jambo hilo mpaka 2006, nikiwa kidato cha pili.

Karo yangu ililipwa na mradi wa basari wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Wageni walilipa kiingilio kupita kwenye daraja la mbao kwenye mikoko pale Mida, na pesa zile zikasomesha watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu. Jumamosi moja tukapelekwa kuona wageni wenyewe wanafuata nini.

Aliyetuongoza alikuwa mzee ambaye zamani alikata miti ya mihuhu usiku, akawauzia wachonga vinyago. Nadhani ndiyo maana alizijua njia za mle kuliko askari wa msitu. Miti mikongwe ndiyo yenye mashimo, alisema, na bundi wanaofuatwa na wageni hutaga mashimoni. "Mimi nimebomoa nyumba nyingi." Akatema mate pembeni, tukaendelea.

Udongo mwekundu, vichaka vya kukwaruza miguu. Alikuwa akiinama, akichungulia, akirudi nyuma. Saa nzima hivyo. Mara akanishika kisogo, akanigeuza kichwa.

"Usimnyooshee kidole."

Niliona majani makavu tu. Kisha majani yakafumbua jicho la manjano. Walikuwa wawili, wamebanana kwenye kijiti usawa wa kifua changu, mmoja wa kijivu, mwenzake wa rangi ya kutu. Urefu wao shubiri moja, basi! Nilitazamia jitu. Mzee akanong'ona kwamba duniani kote hawa wako huku pwani ya Kenya na kule Usambara Mashariki, Tanzania. Msitu ukiisha nao wameisha.

Jioni nikamwambia nyanya nimemwona bundi anayenilipia karo.

"Huyu huyu wa paani?"

"La, nyanya. Ni mwingine, mdogo hivi."

Akachochea moto, hakusema neno. Siku chache baadaye bundi akalia tena usiku. Nikamsikia nyanya akichomoa kijinga, akifungua mlango. Halafu kimya. Halafu akaniita:

"Wewe! Hebu njoo uangalie kwanza. Huyu ni mkubwa ama ni yule mdogo?"